Siku Moja Tübingen: Mji Yalikochapishwa Maneno Yetu

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinasimulia jinsi kwaya yetu ilivyoanza hapa Kitengela miaka 25 iliyopita, waliotuongoza, na mahali tulikoimba, kuanzia Isinya na Kajiado hadi Namanga. Kurasa hizi tumepewa tueleze jambo lililotangulia kwaya yetu kwa miaka mingi: maneno tunayoimba yalifikaje kwenye karatasi?

Swali hili si la kujifurahisha. Kwaya yetu huimba kwa Kiswahili, Kimaa na Kikamba, na Kiingereza kikihitajika. Kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa na mjadala kama nyimbo za Kimaa ziendelee kuimbwa kila Jumapili. Wako wanaosema kwamba Kitengela ya leo imejaa watu wa kaunti zote, kwamba wengi kanisani hawaelewi maneno hayo, na kwamba hata vijana waliozaliwa katika nyumba za Kimaasai wanayasoma kwa kubahatisha. Wako wanaojibu kwamba nchi hii ni ya Kaputiei, na haifai lugha ya wenyeji iwe mgeni katika nyumba ya Mungu iliyojengwa juu ya ardhi yao. Sisi tunaoandika hapa tuna neno la kuchangia, na tulilipata mahali ambapo hatukulitafuta: katika mji mkongwe wa chuo kikuu kule Ujerumani.

Safari yenyewe

Mwezi wa Julai mwaka juzi, wanakwaya wanane tulialikwa na ushirika rafiki ulio karibu na Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Tuliimba Jumapili mbili. Jumamosi iliyokuwa katikati wenyeji wetu walituuliza tungependa kuona nini. Tulidhani watatupeleka kwenye maduka makubwa. Mzee mmoja wao akasema, "Ninyi mmetoka Kenya. Basi lazima mwende Tübingen, kwa Krapf."

Jina hilo tulilisikia shuleni. Kila aliyesoma somo la jamii katika shule ya msingi anakumbuka Krapf na Rebmann, Kilimanjaro na Mlima Kenya, Rabai na Mombasa. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia kwamba Krapf alikuwa na kwao.

Sisi wa Kitengela treni tunaijua. Ile ya Mombasa husimama Athi River, na ndugu zetu wa Kajiado wamezoea reli ya kutoka Konza kwenda Magadi inayopita mjini kwao na kubeba magadi. Kule tulikuwa watu kumi pamoja na wenyeji wetu wawili, tukanunua tiketi mbili tu, kwa sababu kuna tiketi ya siku nzima ambayo watu watano huitumia pamoja. Stesheni kuu ya Stuttgart ilikuwa kwenye ujenzi mkubwa, tukatembea mwendo mrefu kabla ya kufika kwenye treni. Baada ya hapo safari ilichukua kama saa moja. Reli inafuata bonde la mto Neckar, mizabibu ikiwa imepandwa kwenye miteremko kama matuta ya Machakos. Tulipita Esslingen, Plochingen, Nürtingen, Metzingen na Reutlingen, tukila mikate yao ya chumvi iliyosokotwa kama fundo, na kabla sauti ya tatu haijamaliza kujifunza wimbo wa kesho yake, tukawa tumefika.

Krapf mwenyewe hakuwahi kupanda treni hiyo alipokuwa mtoto. Reli ilifika Tübingen mwaka 1861. Yeye alikuwa tayari na miaka 51, na mwaka huohuo alikuwa akianza safari nyingine ya kurudi Afrika Mashariki, akiwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanzisha kazi Ribe. Utoto wake wote alitembea kwa miguu.

Mji wa vitabu

Tübingen si mji mkubwa. Ukitoka stesheni unafika kwenye daraja la Neckar, na hapo unaona nyumba ndefu nyembamba za rangi mbalimbali zimepangana kando ya maji, na mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo, sawa na wanavyofanya watu wa pwani yetu kwenye maji machache. Juu ya kilima kuna ngome ya zamani. Chini yake ni uwanja wa soko na jumba la baraza la mji, lililojengwa katika karne ya 15.

Chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1477 na Eberhard, mtawala wa Württemberg aliyejulikana kwa ndevu zake. Philipp Melanchthon, ambaye baadaye alikuwa msaidizi mkuu wa Martin Luther, alisoma na kufundisha hapo kabla ya kwenda Wittenberg mwaka 1518. Johannes Kepler, aliyegundua jinsi sayari zinavyolizunguka jua, alikuja hapo mwaka 1589 akikusudia kuwa mchungaji. Katika jiko la ile ngome, lililogeuzwa kuwa maabara, mwaka 1869 kijana Friedrich Miescher alipata kitu ndani ya chembe za mwili ambacho leo watu wote wanakiita DNA, kile kinachopimwa kortini kujua mtoto ni wa nani. Mmoja wetu alisema polepole kwamba mji huu unaonekana hauna kazi nyingine ila kuandika na kusoma.

Karibu na kanisa kuu la mji, katika uwanja unaoitwa Holzmarkt, kuna jina la duka la vitabu tulilotaka kulikumbuka: Heckenhauer. Biashara hiyo ilianza mwaka 1823. Krapf alisimulia katika kitabu cha safari zake kwamba, akiwa mvulana, baba yake alimpatia ramani za dunia, naye akahuzunika kuona upande wa Afrika Mashariki, sehemu za Adal na Somali, una majina machache mno. Akajiuliza kama kule ni jangwa tupu lililojaa fisi. Akaenda kwa Heckenhauer, aliyekuwa akiazimisha vitabu vya zamani kwa bei ndogo, akapata kitabu kilichochakaa cha msafiri Mskoti James Bruce juu ya nchi ya Ethiopia. Hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuelekea huku kwetu.

Tunaomba msomaji aliangalie jambo hilo vizuri. Mtoto yule aliona nafasi nyeupe kwenye ramani, akadhani hakuna majina. Kumbe majina yalikuwapo tele. Kila kilima, kila kisima na kila ukoo ulikuwa na jina lake. Hayakuwa kwenye karatasi yake tu.

Derendingen

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, mwendo mfupi kutoka mjini. Leo kijiji hicho ni mtaa wa Tübingen na kina kituo chake kidogo cha treni. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa kama miaka 11, jirani alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua karibu nusu mwaka. Katika kitanda hicho cha ugonjwa alisoma Biblia sana. Alipopona alipelekwa shule ya Kilatini ya Tübingen, akienda na kurudi kwa miguu. Baadaye alisomea theolojia katika chuo kikuu hichohicho.

Tulikwenda Derendingen kuona kanisa lake. Pale wenyeji wetu walituonyesha jambo ambalo hata wao, walisema, mara nyingi husahaulika. Miaka mingi kabla ya Krapf, mchungaji wa kijiji hicho alikuwa mkimbizi aitwaye Primož Trubar. Alitoka nchi ya Slovenia, akafukuzwa kwa sababu ya imani ya Kiprotestanti. Mwaka 1550 alichapisha Tübingen vitabu viwili vidogo, katekisimu na kitabu cha kujifunza kusoma. Hivyo ndivyo vitabu vya kwanza kabisa kuchapishwa katika lugha ya Kislovenia, lugha ambayo wakubwa wa wakati ule waliiona kuwa ya wakulima tu. Trubar alikufa mwaka 1586 akiwa bado mchungaji wa Derendingen, akazikwa huko. Mpaka leo watu wa Slovenia wanamheshimu kama baba wa vitabu vyao.

Sasa hesabu miaka. Trubar alichapisha mwaka 1550. Mwaka 1850, miaka 300 kamili baadaye, mwana wa mkulima wa kijiji kilekile alichapisha katika mji uleule kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili. Sisi hatusemi kwamba Krapf alikuwa akimfuata Trubar kwa makusudi. Tunasema tu kwamba kijiji kimoja kidogo, ambacho watu wake wangeweza kutosha katika ibada zetu mbili za Jumapili, kilihusika na karatasi ya kwanza ya lugha mbili za mbali.

Wenyeji waliomba ruhusa, nasi tukasimama mbele ya madhabahu tukaimba ubeti mmoja kwa Kiswahili na mmoja kwa Kimaa. Kanisa ni dogo na la mawe, sauti inarudi yenyewe. Wazee wawili waliokuwa wakipanga maua waliacha kazi wakaketi kusikiliza.

Walimu wa Krapf

Mtu akisema "Krapf aliandika Kiswahili", anaweza kudhani kwamba Krapf ndiye aliyeleta lugha. Sivyo. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya Krapf kufika. Krapf mwenyewe aliupata mswada wa utenzi huo, na mwaka 1854 akaupeleka kwa chama cha wanazuoni kilichokuwa na maktaba yake Halle, mji mwingine wa chuo kikuu nchini Ujerumani. Kwa hiyo alijua vizuri kwamba anaandika lugha ya watu waliokuwa na washairi wao.

Alifika Mombasa mwaka 1844, baada ya kufukuzwa Ethiopia, pamoja na mkewe Rosine. Tarehe 8 Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mtu wa Barawa. Tafakarini jambo hilo, ndugu zetu: maneno ya kwanza ya Biblia yaliyotafsiriwa Mombasa, mwalimu wake wa lugha alikuwa kadhi wa Kiislamu, naye alikubali kusaidia.

Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine alikufa kwa homa. Binti yao mchanga alimfuata baada ya siku chache. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakurudi nyumbani. Mwaka 1846 Johannes Rebmann, kijana wa Gerlingen karibu na Stuttgart, alijiunga naye, wakafungua kituo Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa Ulaya waliokaa kwenye viti vyao wakakataa kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Sisi tunaouona mlima huo kutoka Kajiado asubuhi isiyo na mawingu tunacheka, lakini Rebmann hakucheka. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya mkuu wa Wakamba aitwaye Kivoi, aliuona mlima mwingine. Wakamba waliuita Kiinyaa. Jinsi Krapf alivyolisikia na kuliandika jina hilo ndiyo asili ya jina Kenya. Kwa hiyo hata jina la taifa letu ni neno ambalo Wakamba walitoa na Mjerumani akaliweka kwenye karatasi.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amepofuka. Aliyemshika mkono katika safari hiyo mpaka Ujerumani alikuwa Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Rebmann alikufa mwaka uliofuata katika mji wa Korntal, karibu na Stuttgart. Krapf naye alikufa Korntal, tarehe 26 Novemba 1881, na wote wawili wamezikwa huko. Kwa hiyo sisi wanane hatukuwa wa kwanza kutoka Kenya kuifuata njia hiyo. Nyondo alitutangulia kwa karibu miaka 150, naye hakwenda kutembea, alikwenda kumfikisha mzee wake nyumbani.

Kitabu cha mwaka 1854

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1850, na kiwanda cha uchapaji cha Fues, hapo Tübingen, kikamchapishia ile sarufi ya Kiswahili. Mwaka huohuo kikachapisha pia msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, zikiwamo Kiswahili, Kikamba na Kipokomo. Na mwaka 1854 kiwanda hichohicho kilichapisha kitabu cha maneno ya lugha ya Wakwavi, ambayo Krapf aliiandika "Engutuk Eloikob".

Wakwavi ni jina walilopewa na watu wa pwani. Wao walijiita Iloikop, na lugha yao ni Kimaa. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kuchapishwa cha maneno ya Kimaa hakikuchapishwa Nairobi, wala Mombasa, wala London. Kilichapishwa Tübingen, umbali wa kutembea kutoka kwenye lile daraja tulilosimama kupiga picha.

Krapf hakuwahi kufika Kitengela wala Kajiado. Maneno hayo aliyapata kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa mtumwa kule pwani, jina lake Lemasegnot. Huyo ndiye aliyekaa naye, akaulizwa maji mnayaitaje, ng'ombe mnamwitaje, Mungu mnamwitaje, akajibu neno moja baada ya jingine. Alimweleza kuhusu Engai, jina ambalo kwa wao ni Mungu, na ni mbingu, na ni mvua. Leo tunaandika Enkai, na ndilo jina tunalomwimbia Mungu tunapoimba kwa Kimaa.

Jina la Krapf liko kwenye jalada. Lemasegnot alitoa maneno ya mama yake, yakafika Ujerumani. Alikuwa amepoteza ng'ombe, ndugu na uhuru. Kilichobaki kinywani mwake ni lugha, na hiyo akaitoa.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu Krapf. Alimpenda Mungu na alivumilia mengi, lakini aliwaogopa Wakwavi na Wamaasai kwa habari za watu wa pwani, na aliandika juu yao kwa ukali, kama watu wa vita na uharibifu tu. Mtu anaweza kukusanya maneno ya watu na bado asiwaelewe watu wenyewe. Tunamshukuru kwa kazi yake bila kuficha jambo hilo.

Mazungumzo ya kurudi

Jioni, ndani ya treni ya kurudi Stuttgart, mzee aliyetualika alitoa simu yake akatuonyesha kurasa za kitabu hicho, kwa sababu siku hizi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye sote tunamwita Yeiyo, alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Maandishi ni ya kizamani na yana alama nyingi juu ya herufi. Alisoma neno, akanyamaza, akalisema tena jinsi bibi yake alivyolitamka, kisha akatuambia maana kabla hatujaisoma kwa Kiingereza. Mengine alisema yamebadilika. Mengine alisema yako vilevile.

Kijana wetu mmoja, ambaye jina lake ni la Kimaasai na amezaliwa hapa Kitengela, alikuwa akimtazama. Akasema, "Yeiyo, mimi nayajua kumi tu hapo." Yeiyo akamjibu, "Basi kumi hayo umpe mwanao."

Halafu ubishi ukaanza, nao uliendelea hadi Plochingen. Mmoja alisema ni aibu kitabu cha Kimaa kuchapishwa mbali hivyo na sisi tusikijue. Mwingine akasema kama kisingechapishwa popote, maneno ya Lemasegnot yangezikwa naye. Wa tatu akasema kitabu hakihifadhi lugha, watu ndio wanaoihifadhi, maana kitabu kilikaa miaka 170 na bado kijana wetu anajua maneno kumi. Sisi tunaona wote watatu walisema kweli. Karatasi inalinda neno lisipotee, ila neno likae hai linahitaji kinywa. Na kwaya ni mahali ambapo karatasi na kinywa vinakutana kila wiki.

Kutoka msamiati hadi Biblia

Kazi iliyoanza kwa orodha za maneno haikuishia hapo. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Agano Jipya la Kimaa lilichapishwa mwaka 1923, na Biblia nzima ya Kimaa mwaka 1991. Wengine wetu tulikuwa watu wazima mwaka huo. Hii ina maana kwamba kutoka neno la kwanza la Lemasegnot kwenye karatasi hadi Biblia kamili mikononi mwa nyanya wa Kajiado ilipita miaka 137.

Hata Stuttgart, mji tuliotoka na treni asubuhi ile, una sehemu yake. Mwaka 1937 ilichapishwa huko Biblia ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl, akisaidiwa na walimu Waafrika, akiwamo Martin Nganisya. Baadaye Biblia ya mwaka 1952, ile tunayoiita Union, ndiyo iliyoenea, na zaburi nyingi tunazoimba zimetoka humo. Katika kila hatua utakuta jina moja au mawili kwenye jalada, na nyuma yao watu waliokaa chini wakaulizwa, "Hili mnalisemaje?"

Neno letu kwa jubilii

Ndiyo maana tunasema nyimbo za Kimaa ziendelee, na za Kikamba pia. Hatusemi hivyo ili kuwapendeza wenyeji au kuwafungia mlango wageni. Lugha hizi zilitolewa na watu walioziacha bila kupata malipo yoyote, na zilitafuta njia ndefu, kupitia utumwa, homa na bahari, mpaka zikafika kwenye vitabu vya ibada. Zikikoma kuimbwa Kitengela, zitakomea kwa amani tu, kwa sababu ya uvivu wa kueleza maana. Na kueleza maana si kazi ngumu. Inatosha kiongozi wa kwaya aseme sentensi mbili kabla ya wimbo, ili mgeni aliyehamia juzi kutoka Kakamega au Meru ajue anamsifu Mungu kwa maneno gani.

Tunaomba pia jambo la pili. Katika kabati la kwaya kuna daftari zenye nyimbo zaidi ya tunavyoweza kuhesabu kwa haraka, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Nyimbo nyingine zililetwa na mama fulani kutoka Bissil, nyingine zilitungwa na mwalimu wa kwaya wakati wa ukame, nyingine zilifundishwa na bibi aliyekuwa akija na mkongojo. Kuanzia Jumapili baada ya jubilii, kutakuwa na meza nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Tafadhali leteni jina la aliyetunga au aliyeuleta kila wimbo mnaoukumbuka, alitoka wapi, na maneno yake yana maana gani. Vijana watayaandika, na wazee watayasahihisha. Jina la mtoaji litakaa juu ya wimbo, mahali pa kwanza.

Tunawashukuru wenyeji wetu wa Ujerumani, waliotupeleka kwenye mji wao na kumbe wakatuonyesha kwetu. Tunamshukuru Mungu kwa Krapf na Rosine, kwa Rebmann na Nyondo, kwa Sheikh Ali bin Mueddin, na kwa Lemasegnot, ambaye hakuna anayejua kaburi lake lilipo. Mungu anayejua kila lugha na ailinde kwaya yetu, na atujalie kumwimbia kwa vinywa vyote alivyotupa. Amina.